Msesewe wa Mama Mkubwa

Nilikata matawi matano ya mti wa jirani yangu siku ya Jumanne, kwa sababu Jumanne Mama Mkubwa huenda sokoni. Naanza na hilo maana ndilo lililonigharimu, na ndilo nililolificha muda mrefu kila nilipowasimulia watu kisa hiki. Nilikuwa nasema tu, "Nilikata matawi yaliyoingia kwangu." Siku sikuitaja.

Kwetu ni Kibosho, mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Aliyewahi kufika anajua vihamba vyetu, mashamba ya nyumbani, vilivyobanana: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kwenye unyevu, na juu ya vyote miti mirefu iliyoachwa na wazee kwa sababu zao. Mpaka hauwekwi ukuta. Mpaka ni safu ya masale, ile mimea ya majani marefu yenye kung'aa, na kila mtoto hufundishwa kwamba sale haling'olewi. Jirani yako mara nyingi si mtu baki. Ni baba mdogo, ni binamu, ni mjane wa kaka ya baba. Mimi jirani yangu wa upande wa juu ni Mama Mkubwa, mke wa marehemu kaka mkubwa wa baba yangu. Kati yetu kuna masale, na sambamba na masale unapita mfongo mdogo unaoleta maji kutoka juu.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 2021 baada ya miaka kumi na saba Dar es Salaam, Tabata. Baba alikuwa ameshafariki, kihamba kimelala. Nilirudi na akili ya mjini na mpango wa parachichi aina ya Hass, kwa kuwa wakati huo kila uliyekutana naye alikuwa anazungumzia parachichi za kuuza nje. Machi 2022, masika yakianza, nilipanda miche arobaini. Mistari miwili ya juu, miche kumi na miwili, ilikaa karibu na mfongo, chini ya msesewe wa Mama Mkubwa.

Msesewe ule ni mti mkubwa. Shina lilikuwa upande wake, hatua tatu kutoka kwenye masale, lakini matawi yalikuwa yamevuka na kutanda juu ya kihamba changu kama mwavuli. Nikiwa mtoto tulikuwa tunacheza chini yake. Nikiwa mkulima wa parachichi niliuona kuwa ni mwizi wa jua.

Kufikia Juni miche yangu kumi na miwili ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Ile mingine ishirini na minane, kule chini kwenye mwinuko mkavu, ilikuwa na afya. Hesabu niliyoifanya ni ya mtu yeyote: kwenye kivuli inakufa, penye jua inastawi, basi mbaya wangu ni kivuli.

Nilimwambia Mama Mkubwa. Hilo nililishikilia sana baadaye, kwamba nilimwambia. Ilikuwa Jumapili, tunatoka kanisani, watu wamesongamana mlangoni, yeye ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama Mkubwa. Ule msesewe wako unaniulia miche, itabidi tuupunguze." Akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Tutaongea." Akaendelea na safari yake.

Kwa Kichagga chetu na hata kwa Kiswahili cha huku, "tutaongea" maana yake ni njoo nyumbani, kaa, tutaongea. Mimi nilisikia "subiri". Nilikuwa nimekaa mjini kiasi hicho.

Nikampigia simu rafiki yangu wa Dar ambaye ni wakili. Akacheka, akasema swali langu ni la mwaka wa kwanza chuoni. Tanzania ilirithi sheria za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Waingereza walikwishalimaliza jambo hili mwaka 1894 katika kesi ya Lemmon na Webb: tawi la jirani likivuka mpaka, unaruhusiwa kulikata hadi pale linapovukia, na huna hata haja ya kumpa taarifa, ilimradi usikanyage kwake. Unasimama kwako, unakata kilicho kwako. "Ila ungemwambia tu, ni ustaarabu," akaongeza. Hilo la mwisho lilipita sikio la pili.

Vijana wawili walikuja na msumeno wa mashine. Tulikubaliana shilingi 30,000 na kuni zote wachukue wao. Kwa ukataji wenyewe waliharibu pia, nikiri. Walikata kila tawi kwa pigo moja kutoka juu, likaanguka kwa uzito wake kabla msumeno haujafika chini, likachana gome hadi ndani ya upande wa Mama Mkubwa. Baadaye nilifundishwa kwamba tawi zito hukatwa kwanza kwa chini, kidogo, mbali na shina, kisha juu, kisha ndiyo unamalizia kile kisiki kilichobaki, bila kugusa ule uvimbe tawi linapoungana na shina, maana ndiyo unaoziba kidonda. Wale vijana walikuwa wakataji wa magogo. Mti wanaoujua ni ule unaolala.

Utomvu mweupe ulitiririka kwenye shina lote. Saa nane mchana kuni zilikuwa zimeshapakiwa kwenye bajaji ya mizigo, jua limepiga miche yangu ya njano, nami nimesimama nimeridhika.

Mama Mkubwa alirudi saa kumi. Nilijificha ndani, nikachungulia. Hakupiga kelele. Alitua kapu lake, akasimama chini ya mti akiangalia juu kwa muda mrefu, halafu akainama, akaokota kipande cha gome kilichodondoka, kama kiganja hivi, akakifunga kwenye pindo la khanga yake na kuingia ndani.

Wiki iliyofuata maziwa hayakuja. Alikuwa ananiletea lita moja kila jioni tangu nirudi, na sikuwahi kuuliza bei kwa sababu haikuwa biashara. Watoto wake walio Arusha walinipigia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alitukana, wa pili aliuliza kwa upole, na yule mpole ndiye aliyenikosesha usingizi. Alisema, "Kaka, mama anasema ulijua yuko sokoni."

Kisha ukaja wito wa Baraza la Ardhi la Kijiji.

Kwa wasiolijua: hili ni baraza lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Halihukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na usiporidhika unaendelea mbele. Hata Baraza la Kata, ambalo zamani lilikuwa linatoa uamuzi kwenye mashauri ya ardhi, tangu marekebisho ya 2021 limebaki na usuluhishi. Anayetaka hukumu hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilifurahi nilipolisikia hilo. Nilidhani baraza lisilohukumu halina meno. Sikujua kwamba wazee wasiokuwa na hukumu ya kutoa wana muda wote wa kukuuliza maswali.

Tulikaa kwenye veranda ya ofisi ya kijiji. Nilikwenda na karatasi, nimeandika ile kesi ya Lemmon na Webb. Nikaisoma. Walinisikiliza kwa adabu kabisa. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema, "Sawa. Huyo Webb na mwenzake walikuwa ndugu?"

Sikujua. Akaendelea.

"Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia, kanisani."

"Ulimwambia au ulimpitia?"

Nikanyamaza.

"Na siku ya kukata ulichaguaje?"

Nikanyamaza tena, na veranda nzima ikanyamaza nami.

Mama Mkubwa alipopewa nafasi nilitegemea azungumzie kivuli, au uzuri wa mti, au marehemu aliyeupanda. Hakugusa hata kimoja. Alifungua pindo la khanga, akatoa kile kipande cha gome, kikiwa kimeshakauka na kujikunja, akakiweka mezani. "Nadai magome," akasema.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho Mchagga wa miaka arobaini na minne hakupaswa kuelezwa barazani mbele ya watu. Msesewe ndio uchungu wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, kisha hutiwa uji wa ulezi. Lakini bila gome la msesewe, lililokaushwa na kutwangwa, unachopata ni kitu kitamu kisichokuwa na uti wa mgongo. Mama Mkubwa amekuwa akiuza gome hilo kwa wapika mbege tangu awe mjane. Anabandua kidogo kidogo, tawi hili mwaka huu, lile mwakani, hagusi shina kwa sababu ukilizungushia kisu shina mti unakufa. Yale matawi matano ya upande wangu ndiyo yaliyokuwa zamu ya mwaka ule na mwaka uliofuata. Nilikuwa nimewapa vijana kuni zenye thamani kuliko ujira wao.

Akaongeza jambo la pili, kwa sauti ileile: "Na baba yake huyu alikuwa anapata kopo lake kila Desemba. Tawi liko kwake, kopo ni lake. Hakuna aliyeandika."

Ndipo nikakumbuka. Kila Krismasi ya utoto wangu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye unga wa kahawia kwenye rafu ya jikoni kwetu, na tulikatazwa kuligusa. Sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Yale matawi yaliyovuka yalikuwa yanalipa kodi muda wote, na mrithi wa mwenye nyumba ndiye aliyemfukuza mpangaji bila kuangalia daftari.

Usiku nilimpigia tena rafiki yangu wakili, nikitaka faraja. Nikamuuliza, matawi nikishayakata ni ya nani? Akasema bila hata kufikiri, "Ya mwenye mti. Hilo nalo liko wazi, kuna kesi ya 1919 ya matofaa. Unaruhusiwa kukata, huruhusiwi kuchukua. Ulikuwa unatakiwa umrudishie." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Hukuuliza. Uliuliza kukata."

Kwa hiyo hata Waingereza niliowabeba kwenye karatasi walikuwa upande wa Mama Mkubwa. Na hapo nataka kusema kitu kwa anayesoma hii akiwa na mwembe wa jirani juu ya bati lake: ukitafuta haki yako, uliza na ya mwenzako kwenye simu hiyohiyo. Vinginevyo unapewa nusu ya sheria, nayo ni ile nusu unayoipenda.

Baraza lilikaa mara mbili. Niliwatafuta wale vijana. Kuni zilikuwa zimeshauzwa kwa mama lishe na nyingi zimeungua. Nilipata vipande viwili, nikavimenya gome mwenyewe kwa kisu cha jikoni, nikapata kiasi cha kujaza sufuria ndogo. Nikajitolea kulipa fedha. Mama Mkubwa alikataa, akasema fedha atazipokea kwa mtu baki. Alichotaka ni debe mbili za ulezi kila mwaka kwa miaka miwili, na kopo la Desemba kwangu lisitishwe kwa muda huohuo. Nilikubali. Mwenyekiti aliandika, tukaweka sahihi, lakini maziwa hayakurudi. Makubaliano yalikuwa yameshafungwa na mama yangu mkubwa bado ananipita njiani akinisalimu kama anavyomsalimu karani wa mbolea.

Desemba watu walipopanda kutoka mijini, ukoo ukakaa. Baba mdogo mmoja akanivuta pembeni, akaniambia, "Wewe umemlipa. Hujamwomba msamaha." Akanieleza nilichokuwa nakijua kwa kusikia: kwetu anayeomba msamaha huenda na jani la sale, na anayepelekewa sale hatakiwi kumrudisha mtu. Mmea uleule wa mpaka. Nilikwenda kwenye mpaka asubuhi, nikachuma jani zuri, lisilo na tundu, nikalifunga fundo kama nilivyoelekezwa, nikaenda kwa Mama Mkubwa mbele ya ukoo mzima, nikapiga goti na kulitoa.

Akaliangalia. Akaligeuza. Akauliza, "Umelichuma wapi?"

"Hapo mpakani, mama."

"Upande upi?"

Sikuwa na jibu.

"Mpaka ule wa juu masale nilipanda mimi, mwaka niliokuja kuolewa. Umekuja kuniomba msamaha kwa sale langu."

Palikuwa kimya kwa muda ambao nauona mpaka leo. Kisha baba mdogo akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakafuatia, na yeye mwenyewe wa mwisho, akijifuta macho kwa khanga. Akalipokea. Jioni ile nilinywa mbege yake. Ilikuwa chungu sawasawa.

Asije mtu akadhani deni la ulezi lilifutwa. Debe mbili nilipeleka Januari, na mbili nyingine mwaka uliofuata, na zote mbili alizipima upya kwa debe lake.

Kuhusu ile miche: masika ya 2023 yalipopita, jua likiwa linaipiga mchana kutwa, kumi ilikuwa imekufa na miwili iko mbioni. Nilimwita bwana shamba. Hakuangalia majani. Alishika jembe, akachimba pembeni ya mche mmoja, akanionyesha mizizi: myeusi, laini, inakatika kama uzi uliooza. Kisha akaelekeza mkono juu. "Ule mti gani?"

"Msesewe."

"Na msesewe unaota wapi?"

Penye maji. Kila mtu hapa anajua msesewe unaota kando ya mito na mifongo, na wazee walikuwa wanautumia kama alama ya mahali pa kutafutia maji. Parachichi ni kinyume chake, haliwezi kusimama kwenye udongo uliojaa maji. Mizizi inashambuliwa na vimelea vya kuozesha na mti unakuwa wa njano kuanzia juu. Mche ungekufa pale hata msesewe usingekuwepo. Mti wa jirani ulikuwa umesimama pale miaka yote ukinitangazia hali ya ardhi yangu mwenyewe, na mimi nilimnyamazisha mtangazaji.

Tabata nilipopanga kulikuwa na mwembe wa jirani uliotuangushia maembe kwenye bati usiku kucha kila Novemba. Tulilalamika, na asubuhi tulitoka na ndoo kuokota. Sikuwahi kuona mgogoro wowote hapo. Mti wa jirani unakuwa tatizo siku ile wewe unapoacha kula kutoka kwake. Wapo wenye malalamiko ya kweli, sisemi hapana: mkaratusi uliopandwa ukingoni mwa mfongo na kunywa maji ya watu kumi, tawi bovu linaloning'inia juu ya chumba cha mtoto. Hayo usiyasubirishe, na usiyapeleke mlangoni mwa kanisa. Nenda nyumbani kwa mtu, saa ambayo yupo, ukae chini, umwonyeshe mwenye mti tawi lake.

Mistari ile ya juu sasa ina magimbi. Mbegu alinipa Mama Mkubwa, akisema sehemu ile ilikuwa ya magimbi tangu zamani na alikuwa anajiuliza nitagundua lini. Yanastawi kwa fujo. Parachichi ishirini na nane za chini zimeanza kuzaa kidogo.

Na Agosti, kukiwa kukavu, tunapunguza msesewe. Mti bado una makovu ya mwaka ule, mawili hayajaziba na moja limeingia uozo. Mimi napanda na msumeno wa mkono, nakata kwa chini kwanza, yeye amekaa kwenye kigoda upande wake wa masale na kisu cha kubandulia gome mapajani. Mwaka jana nilikuwa nimeshaweka msumeno kwenye tawi la tatu aliponiita.

"Hilo liache."

"Lakini liko kwangu, mama."

"Naona liko kwako. Liache linenepe, hilo ni kopo lako la Desemba."

Nikahamisha msumeno.